Kuchagua bunduki ya upepo kwa bajeti ya pauni 300

Watu wengi wanaokuja klabuni kwetu mara ya kwanza huwa wameshachagua bunduki, na wameichagua kwa kusoma ubavuni mwa boksi: futi 1,000 kwa sekunde, futi 1,200 kwa sekunde. Mimi nafundisha kulenga shabaha hapa Uingereza, na jioni huitwa mashambani kupunguza panya kwenye mabanda ya kuku na maghala ya nafaka. Kwa uzoefu huo nasema: namba ya kasi iangalie mwisho kabisa.

Kwanza, nguvu sheria imeshakupangia. England na Wales, mwenye miaka 18 na kuendelea anaweza kununua bunduki ya upepo isiyozidi futi-pauni 12, yaani kama jouli 16, bila cheti cha silaha. Ikizidi hapo, unahitaji cheti cha polisi. Scotland inadai cheti hata kwa hizi ndogo tangu mwisho wa 2016, na Ireland Kaskazini inadai kwa chochote kinachozidi jouli 1. Nawe unayesoma ukiwa Kenya au Tanzania, usiagize wala usibebe safarini kabla ya kwenda polisi kuulizia leseni.

Halafu zile futi 1,200 hupatikana kwa risasi za aloi, nyepesi mno. Risasi inayokaribia kasi ya sauti, mita 340 hivi kwa sekunde, huanza kuyumba hewani, na ya kwanza ikienda kushoto ya pili inaweza kwenda kulia. Umepata kelele, hukupata shabaha.

Kwa pauni 300 ushauri wangu ni bunduki ya springi ya kuvunja mtutu (mtutu hukunjwa chini ili kukaza springi na kupakia risasi), iliyotengenezwa vizuri, hata kama imetumika. Weihrauch HW99S ndiyo ninayowapa wanafunzi wengi waishike kwanza: nyepesi, triga yake inarekebishika, na ikichoka springi na sili (mpira unaozuia hewa kuvuja) vinabadilishwa. Bunduki za hewa ya mtungi ni tamu kupiga, hazitikisiki, lakini zinajazwa hewa hadi shinikizo la kama baa 200. Pampu ya gari haifiki huko hata kidogo, kwa hiyo utanunua pampu maalumu au mtungi wa wapiga mbizi, na bajeti imekwisha kabla hujanunua risasi.

Springi ina tabia yake, na ni lazima uijue. Ukivuta triga, springi inasukuma pistoni, kipande kinachobana hewa ndani ya silinda, nayo hukimbia mbele, na bunduki inaanza kurudi nyuma kisha kusogea mbele wakati risasi ingali ndani ya mtutu. Ukiibana kwa nguvu, kila siku utaibana tofauti na matundu yatatawanyika kwenye karatasi. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, bega liguse kitako tu, kisha iache icheze inavyotaka. Mtikisiko huohuo wa pande mbili ndio unaoua darubini za bei rahisi, kwa hiyo nunua iliyoandikwa kuwa inafaa kwa bunduki za springi. Usifyatue bila risasi ndani, kwani pistoni itajigonga mwisho wa silinda. Na unapopakia, shika mtutu kwa mkono wa pili muda wote, maana ukifyatuka ukiwa wazi unaweza kukuvunja vidole.

Kuhusu kipenyo cha mtutu, watu hubishana mpaka usiku. Milimita 4.5 au 5.5? Kwa nguvu ileile, risasi ya 4.5 yenye uzito wa nusu gramu hivi hutoka kwa mita 240 kwa sekunde, ya 5.5 yenye gramu moja hutoka kwa mita 175 hivi. Mpaka mita 30, ya kwanza imeshuka sentimita 9 hivi, ya pili karibu 16. Maana yake, ukikosea kukadiria umbali, 4.5 inakusamehe zaidi. Kwa mtu wa karatasi na panya, mimi nachagua 4.5 bila kusita. Wenzangu wanaowinda sungura wanaipenda 5.5 kwa pigo lake zito, na sina ugomvi nao.

Fedha iliyobaki itumie kwenye risasi. Nunua makopo matatu au manne ya aina tofauti, piga kumi kumi za kila aina kwenye karatasi kwa mita 25, ukiwa umekaa na bunduki imeegemea kitu laini. Mtutu wenyewe utakuonyesha unachopenda. Mitutu miwili ya modeli moja inaweza kupenda makopo tofauti. Ukishajua, nunua ya kutosha.

Tukija kwa panya, kipimo changu ni sarafu ya pensi mbili, upana wake milimita 26 hivi. Umbali ambao huwezi kuipiga kila mara, ukiwa umepiga goti gizani na taa, si umbali wako wa kupiga mnyama. Kwa wengi umbali wa kuipiga kila mara ni mita 15 au 20, na ghalani inatosha. Lenga kichwa ili afe papo hapo. Panya aliyejeruhiwa akaingia chini ya sakafu anateseka bure. Angalia kilicho nyuma yake: ukuta wa mawe au zege hurudisha risasi, na risasi kuvuka mpaka wa shamba ni kosa kisheria. Vaa glavu unapowaokota, kwa sababu mkojo wao hubeba bakteria wa ugonjwa wa leptospirosi. Ndege wote wa porini wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 1981. Hata njiwa wanaokula mazao hupigwa kwa masharti ya leseni ya jumla tu. Karibu na mifereji kuna panya wa maji (water vole), naye analindwa pia: pua yake butu, masikio yamefichwa manyoyani, mkia wenye manyoya. Kama hujauona mkia vizuri, usivute triga.