Uvujaji mdogo wa gesi kwenye mita ya nyumbani ni nini?

Ni hali ambayo gesi asilia hutoka kidogo kidogo kwenye maungio ya mita iliyo nje ya nyumba, ikapanda na kutawanyika kabla haijafikia kiasi cha kuwaka. Kinachoufanya uwe mdogo ni mambo mawili: kiasi cha gesi inayotoka na mahali inakokwenda. Hilo la pili ndilo zito zaidi, na ndilo linalosahaulika.

Sehemu kubwa ya gesi asilia ni methani, ambayo ni nyepesi kuliko hewa. Huwaka pale tu inapokuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa iliyopo. Nati iliyolegea kwenye ukuta ulio wazi huachia gesi inayochanganyika na hewa upesi na kushuka chini ya kiwango hicho karibu kabisa na pale inapotokea. Lakini nati hiyohiyo ikiwa ndani ya kabati la mita lililofungwa, au chini ya dirisha lililo wazi, gesi hupata pa kujikusanya, na hapo usiuite tena uvujaji mdogo.

Methani yenyewe haina harufu. Ile harufu kali huongezwa kwa makusudi ili watu washtuke mapema. Mwaka 1937 shule ya New London, Texas, ililipuka kwa gesi isiyo na harufu iliyojikusanya chini ya jengo, na jimbo hilo likatunga sheria ya kuitia gesi harufu. Kanuni za Marekani leo zinataka harufu isikike gesi inapofikia moja ya tano ya kiwango cha chini cha kuwaka, yaani takriban asilimia 1. Pua nayo huzoea: ukikaa hapo muda mrefu, unaweza kudhani gesi imeisha kumbe bado inatoka.

Sehemu zinazovuja ni zilezile mara nyingi. Nati kubwa mbili zinazoshika mita zina washa, yaani pete laini ya kuziba, ndani yake, na washa hukauka au huhama mita inapogongwa. Koki ya kufungia hukauka grisi yake. Regulata, lile sahani linaloshusha presha, ina tundu la kupumulia; harufu hafifu ya muda mfupi hapo inaweza kuwa ya kawaida, ila ikiendelea bila kukoma, huenda kiwambo chake, yaani utando ulio ndani yake, kimechanika.

Mafundi huthibitisha kwa maji ya sabuni. Hupaka kila ungio kwa brashi, kisha husubiri. Uvujaji mkubwa hutoa mapovu papo hapo. Ule mdogo sana hujenga kishada cha povu jeupe laini polepole, kwa dakika moja au zaidi, kwa hiyo anayeangalia kwa haraka haoni kitu. Sabuni yenye amonia haifai, kwa sababu huweza kuipasua shaba nyeupe (brasi) ya maungio. Kiberiti hakitumiki kupima, hata mara moja.

Kusoma namba za mita huku vifaa vyote vimezimwa kunasaidia, lakini kwa nusu tu. Namba zikisogea, kuna gesi inayopotea upande wa nyumba. Zikitulia, bado mita yenyewe inaweza kuvuja pale inapoingilia gesi, kabla haijapimwa.

Ukisikia harufu hafifu nje, zima sigara na moto wowote, usiwashe gari hapo karibu, funga madirisha yaliyo juu ya mita, sogea mbali, kisha pigia simu ya dharura kampuni ya gesi. Ikiwa harufu iko ndani, au unasikia mvumo wa gesi, toka na kila mtu bila kugusa swichi yoyote, na upige simu ukiwa mbali na nyumba.

Usikaze nati kwa spana. Washa iliyokauka hupasuka ikibanwa, na mkono ukizidi, bomba linalotoka ardhini huzunguka, hesi zake zikaachia chini usikoona. Gesi inayopita ardhini inaweza kuingia nyumbani kupitia tundu la bomba, na udongo huweza kuipunguzia harufu njiani.

Koki ya robo mzunguko imefungwa pale mkono wake unapokaa kukingama na bomba. Kuifunga hakuzuii uvujaji ulio kwenye koki yenyewe au chini yake. Ukishaifunga, usiifungue mwenyewe: fundi lazima apime mfumo na kuwasha upya miali midogo ya kuwashia vifaa.

Fundi anaweza pia kuupima uvujaji na kuondoka bila kuutengeneza siku hiyo. Nchini Marekani uvujaji hupangwa katika madaraja matatu: la 1 hushughulikiwa mara moja, la 2 hupangiwa tarehe, la 3 hufuatiliwa. Muulize ameupa uvujaji huo daraja gani na lini ataupima tena. Harufu ikiongezeka kabla ya siku hiyo, piga simu upya.