Tatizo la vifaru vya Uingereza lilikuwa kwenye pete

Ubishi kuhusu vifaru vya Vita Kuu ya Pili huishia kwenye unene wa deraya na ukubwa wa mzinga. Mimi ni mhandisi wa mitambo, na huanza kuangalia pete ya mnara, yaani duara la chuma ambalo mnara wenye mzinga hulikalia na kuzungukia. Mzinga ukifyatuka, mtutu hurudi nyuma kwa kishindo na lazima upate nafasi. Mpakiaji naye anahitaji pa kugeuzia kombora. Pete ikiwa finyu, mzinga mkubwa hauingii, hata injini iwe nzuri vipi.

Chukua Matilda II, kifaru cha Uingereza. Deraya yake ya mbele ilifika milimita 78, na huko Arras, Ufaransa, tarehe 21 Mei 1940, mizinga ya Wajerumani ya milimita 37 iliigonga bila kuitoboa. Jenerali wao Rommel alilazimika kutumia hata mizinga ya kutungulia ndege, ile ya milimita 88. Miezi michache baadaye, katika jangwa la Misri na Libya, Waitaliano hawakuwa na cha kuifanya.

Lakini mzinga wake ulikuwa ule wa ratili 2 (Waingereza waliita mizinga kwa uzito wa kombora lake), wenye kipenyo cha milimita 40, na askari wake walipewa risasi za chuma za kutoboa tu, bila makombora ya kulipuka. Hebu fikiria: kifaru kimeundwa kuwasindikiza askari wa miguu, kinakutana na mzinga wa adui uliofukiwa mchangani, na hakina cha kuwalipua wapigaji wake! Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko mengine yote.

Mzinga wa ratili 6 ulikuwa umeshabuniwa. Ila baada ya silaha nyingi kuachwa Ufaransa mwaka 1940, viwanda viliendelea kutoa ule mdogo, kwa kuwa kubadili mitambo kungeliacha jeshi mikono mitupu kwa miezi kadhaa. Uamuzi huo siulaumu. Ratili 6 ulipoingia kwenye Crusader, kifaru kingine cha Uingereza, mwaka 1942, mnara uliokuwa na watu watatu ukabaki na wawili. Kamanda akawa anatafuta adui, anatoa amri na kupakia mzinga, yote peke yake. Kupanua pete kungetaka kifaru kipana zaidi, na upana wenyewe ulibanwa na reli za Uingereza, zenye mahandaki na majukwaa yaliyojengwa enzi za mvuke.

Nafasi ilipatikana kwenye kifaru cha Marekani. Pete ya Sherman ilikuwa na kipenyo cha sentimita 175 hivi, na bado mzinga wa ratili 17 haukuingia hivihivi. Mhandisi W.G.K. Kilbourn alifupisha mfumo wa kupokea kishindo, mzinga ukalazwa ubavu ili upakiwe kutoka kushoto, na redio ikahamishiwa kwenye kisanduku cha chuma nyuma ya mnara. Askari wa bunduki ya mbele aliondolewa, kiti chake kikawa ghala la makombora. Hiyo ndiyo Firefly, na ninaipenda kwa jinsi ilivyo kazi ya kulazimisha.

Kule Normandy, Ufaransa, mwaka 1944, kwa kawaida kila kikosi cha vifaru vinne kilikuwa na Firefly moja, yenye uwezo wa kutoboa Tiger, kifaru kizito cha Wajerumani, kwa mbele. Wajerumani walijifunza haraka kuulenga kwanza mtutu mrefu, nao Waingereza wakaupaka rangi nusu yake ya mbele ili uonekane mfupi. Mwako wake ulikuwa mkali kiasi kwamba mpigaji mara nyingi hakuona risasi ilipoangukia.

Centurion, kifaru kipya cha Uingereza, ilichorwa kwa kuvunja kikomo cha reli. Sita za majaribio zilifika Ujerumani Mei 1945, mapigano yakiwa yameshakoma. Ilianza na ratili 17, ikapewa ratili 20, kisha milimita 105, na pete yake ikaibeba yote mitatu.