Roketi ya Luvua na madini ya Mwezini: Katanga ndani ya sheria ya anga za juu

Tarehe 5 Juni 1978, kwenye uwanda ulio juu ya bonde la mto Luvua, kaskazini mwa Katanga, mkoa uliokuwa ukiitwa Shaba, Rais Mobutu na wageni wake walisimama kutazama roketi ikipaa. Ilipaa kidogo, ikapinda, ikaanguka. Wahandisi wa Kijerumani walikuwa wameiunda kwa mabomba membamba yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni, na vali zake zilifunguliwa kwa mota za waipa za gari. Nikiwasimulia wanafunzi wangu wa sheria hapa Lubumbashi, hudhani ninawatania. Nawaambia wakawaulize babu zao.

Kampuni hiyo iliitwa OTRAG, ya Ujerumani Magharibi, na mwanzilishi wake alikuwa Lutz Kayser. Mwaka 1976 serikali ya Zaire, ndiyo Kongo ya leo, iliikodishia eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000, hadi mwaka 2000. Ubelgiji nzima haifiki kilomita za mraba 31,000, kwa hiyo tulikodisha Ubelgiji tatu kwa mkupuo, na wenyeji wa vijiji vya huko hawakuulizwa. Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977. Ya pili ilirushwa tarehe 20 Mei 1978, siku moja tu baada ya askari wa miavuli wa Ufaransa kushuka Kolwezi, mji wa machimbo uliokuwa umetekwa na waasi. Ya tatu ndiyo hiyo iliyoanguka mbele ya Rais. Moscow ilikuwa ikipiga kelele kwamba Wajerumani wanajaribu makombora ya vita kwa mlango wa nyuma, na Paris nayo haikufurahi kuona mshindani wa roketi zake. Mwaka 1979 Mobutu akaifungia, kampuni ikahamia Libya.

Wengi huishia hapo, wakacheka. Mwanasheria hucheka pia, kisha huuliza: kama mpango ule ungefanikiwa, roketi zikafika anga za juu, na mojawapo ikaangukia kijiji cha Zambia, angelipa nani?

Jibu halipendezi. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, ambao ndio katiba ya mambo haya yote, unasema nchi inawajibika kwa chombo kilichorushwa kutoka ardhi yake, hata kama mrushaji ni mgeni. Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972 ukakaza zaidi: madhara yakitokea ardhini, mlalamikaji hahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Nchi iliyorusha, nchi iliyoagiza chombo kirushwe na nchi iliyotoa uwanja zote zinaweza kudaiwa. Faida ingekwenda Ujerumani, na hati ya madai ingeweza kuletwa Kinshasa.

Madai ya namna hiyo yameshatokea. Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, iliyobeba mtambo wa nyuklia, ilimwaga vipande vyake kaskazini mwa Kanada. Kanada ilidai dola zake milioni 6 na ushei. Mwaka 1981 Wasovieti walikubali kulipa milioni 3. Karibu na kwetu zaidi, tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye uzito wa kilo zipatazo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Hakuumia mtu, kwa bahati. Shirika la anga la Kenya lilifika, likaichukua kwa uchunguzi.

Nitaje la kufanya kama kitu cha namna hiyo kitaanguka kwenye parseli yako hapa mjini, Ruashi au Katuba, kwa maana najua kitakachofuata: saa hiyohiyo atatokea mtu mwenye mkokoteni akitaka kukipeleka kwa wanunuzi wa mitraye, yaani vyuma chakavu. Usikiguse, wala usikubali watoto wakisogelee. Mabaki ya roketi na setilaiti yanaweza kuwa na haidrazini, mafuta yenye sumu kali yanayounguza ngozi na kuharibu mapafu. Mjulishe mkuu wa mtaa au polisi. Kisheria pia kitu hicho si chako: kikitambulika kilikotoka, kinabaki mali ya mwenyewe hata kikiwa kimelala katikati ya mahindi yako, na serikali inatakiwa kuijulisha nchi iliyokirusha pamoja na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Fidia ya mahindi ni suala jingine, na hilo hudaiwa kupitia serikali yenu.

Mwaka 1976, uleule wa kukodisha ardhi kwa OTRAG, Zaire iliingia kwenye historia ya anga kwa mlango mwingine. Tarehe 3 Desemba, huko Bogotá, nchi zinazopitiwa na ikweta zilitoa tamko. Zaire ilikuwemo, pamoja na Kongo ya Brazzaville, Kenya, Uganda, Kolombia, Ekwado, Indonesia na Brazili. Waliitaka njia ya setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Setilaiti ikiwekwa hapo huzunguka kwa mwendo uleule wa dunia, ndiyo maana parabole iliyo juu ya bati lako huelekezwa upande mmoja na kuachwa hapo miaka yote. Nafasi za huko zina kikomo. Nchi za ikweta zikasema: sehemu iliyo juu yetu ni yetu.

Kisheria hoja ile ilikuwa dhaifu, na sioni sababu ya kuificha kwa uzalendo. Juu ya nchi kuna anga ya ndege, na hiyo ni mali ya nchi; Mkataba wa Chicago wa 1944 uko wazi. Ukipanda zaidi unafika mahali ambapo ibara ya pili ya mkataba wa 1967 inakataza nchi yoyote kujitwalia kitu, iwe kwa tamko la mamlaka, kwa kutumia au kwa kukalia. (Mpaka kati ya anga hizo mbili uko wapi? Hakuna mkataba unaosema. Wengi hutaja kilomita 100 kwa mazoea tu.) Mataifa yenye setilaiti yalilipuuza tamko la Bogotá. Hata hivyo kelele zile hazikwenda bure. Hofu ilikuwa kwamba waliotangulia wangezimaliza nafasi zote kabla maskini hajaamka, na mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilikamilisha mpango unaoitengea kila nchi angalau nafasi moja, iwe na setilaiti au haina. Tulishindwa kesi tukapata kiti.

Wanaouliza kuhusu Starlink, ile intaneti ya setilaiti, nitawajibu kwa ufupi, kwa sababu kanuni ni hiyohiyo. Setilaiti zake hupita juu ya Lubumbashi bila kuomba ruhusa, maana huko juu si kwetu. Mawimbi yake yakishuka kwenye kifaa kilicho kwenye ua wako, hapo ni Kongo, na mamlaka ya mawasiliano ndiyo yenye neno. Ndiyo maana serikali iliweza kuikataza mwaka 2024 na kuipa leseni Mei 2025.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wa Katanga wana haki ya kulisemea kuliko watu wengi duniani.

Juni 1966 Kongo ilipitisha sheria inayojulikana kwa jina la Bakajika: ardhi na vilivyomo chini yake ni mali ya taifa. Siku za kwanza za Januari 1967 serikali ikaichukua Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906 ili kuchimba shaba yetu. Na tarehe 27 ya mwezi huohuo, London, Moscow na Washington, mkataba wa anga ukafunguliwa kwa saini. Katika mwezi mmoja sisi tulikuwa tukisema madini haya yana mwenyewe, nao wakisema Mwezi hauna mwenyewe. Kongo ilitia saini mwaka huohuo, kisha ikabaki kwa miongo mingi kwenye orodha ya nchi zilizotia saini bila kuridhia. Saini pekee ni kama kuposa: nia imejulikana, ndoa bado.

Mkataba umesema Mwezi haumilikiwi. Haukusema lolote kuhusu jiwe lililong'olewa Mwezini. Kwa mtu wa hapa tofauti hiyo haihitaji maelezo marefu. Chini ya sheria yetu ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, machimbo ni ya taifa. Mwenye kibali, akishachimba ndani ya miraba yake aliyopimiwa, madini aliyoyatoa yanakuwa yake. Ardhi na kilichotolewa ndani yake ni vitu viwili. Ndivyo anavyosema Mmarekani. Sheria ya Marekani ya Novemba 2015 inampa raia wake haki ya kumiliki na kuuza madini atakayoyatoa anga za juu, huku ikisisitiza kwamba Marekani haidai mamlaka juu ya sayari yoyote. Luxembourg, nchi ndogo kuliko mikoa yetu yote, hata Kinshasa, ilifuata mwaka 2017, kisha Falme za Kiarabu na Japani. Mfano wanaoupenda ni wa bahari kuu: bahari haina mwenyewe, samaki ni wa aliyemvua.

Mfano huo una kasoro. Samaki huzaana. Barafu iliyo ndani ya mashimo yenye giza kwenye ncha ya kusini ya Mwezi haizaani, na maeneo mazuri ya kuichimba ni machache. Na mwenye kibali cha hapa kwetu amepewa kibali na mwenye mali. Huko juu anayetoa kibali amekiri kwa mdomo wake kwamba mali si yake. Mwanafunzi mmoja aliniambia darasani kwamba huyo ni sawa na jirani anayeuza parseli ya mtu aliyefariki bila warithi. Sijapata jibu zuri zaidi kwenye vitabu.

Mnamo 2020 shirika la anga la Marekani, NASA, lilifikia hatua ya kuagiza vumbi la Mwezi kutoka kwa kampuni binafsi, na mojawapo, Lunar Outpost, ilikubali kuliuza kwa dola 1. Dola moja! Hawakuwa na shida ya vumbi. Safari za Apollo zilishaleta kilo 382. Walitaka mauzo yawepo kwenye karatasi, ili kesho waseme desturi ipo. Mwaka huohuo wakaanzisha Makubaliano ya Artemis, yanayotamka kwamba kuchimba si lazima kuwe kujitwalia, na yanayoruhusu "maeneo ya usalama" kuzunguka shughuli za kila mmoja. Rwanda na Nigeria ziliyatia saini Desemba 2022, Angola ikafuata 2023. China na Urusi zina mpango wao wa kituo cha Mwezini, na Afrika Kusini ilijiunga nao 2023. Kwa hiyo majirani zetu wameshachagua, wengine huku, wengine kule.

Upo mkataba uliojaribu njia nyingine, ule wa Mwezi wa 1979. Uliutangaza Mwezi na mali yake kuwa urithi wa pamoja wa binadamu, na ukaahidi utaratibu wa kugawana faida kwa haki siku uchimbaji utakapokaribia. Mataifa makubwa ya anga yaliukwepa. Morocco ni kati ya nchi chache zilizouridhia. Utaratibu wenyewe haujaandikwa hadi leo. Vienna, kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya anga za juu, kikundi cha kazi kilichoundwa 2021 kinatunga kanuni za awali za mali hizi, na muda kiliopewa unafika 2027. Kamati hiyo haipigi kura. Huamua kwa maafikiano, kwa hiyo mjumbe mmoja anayejua anachokitaka anaweza kuzuia sentensi nzima.

Nimeiweka sheria yetu ya 2018 mezani ninapoandika haya, kwenye ukurasa wa mrabaha wa madini, ule tunaouita redevansi. Mgawo umeandikwa kwa tarakimu: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka ya eneo lililochimbwa, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tunajua sote fedha hizo hufika vipi na mara ngapi. Lakini tarakimu zipo, na mkuu wa kijiji kule kwenye machimbo ya Fungurume anaweza kumwonyesha hakimu kwa kidole. Kwenye rasimu za Vienna, mahali pa tarakimu hizo pako wazi.