Goti Lisilouma Bado Si Goti Lililopona

Vijana waliofanyiwa upasuaji wa goti huniuliza swali moja kuliko yote: "Nitarudi uwanjani lini?" Wengi huliuliza mwezi wa 4 au wa 5 baada ya upasuaji, maumivu yakiwa yamekwisha, wanapanda ngazi bila kushika ukuta, na wenzao wanawapigia simu kwamba Jumamosi kuna mechi ya ndondo. Huo ndio wakati ninaouogopa.

Ninayoizungumzia ni ligamenti (utepe mgumu unaounganisha mfupa na mfupa) ya msalaba ya mbele, ile iliyo katikati ya goti, inayozuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele. Mara nyingi huchanika bila mchezaji kuguswa na mtu: anageuka ghafla mguu ukiwa umekita chini, au anatua vibaya baada ya kuruka. Goti hulia "ta!" na kuvimba ndani ya saa chache. Tafadhali, lisikandwe kwa maji ya moto wala kuvutwavutwa. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, inua mguu, nenda hospitali.

Si kila aliyechanika huhitaji upasuaji. Kwa anayefanyiwa, daktari huchukua kano ya mgonjwa mwenyewe (kamba inayounganisha msuli na mfupa), mara nyingi ya nyuma ya paja au ya chini ya kifuniko cha goti, na kuipandikiza. Mwili huanza kuijenga upya iwe ligamenti, na katika miezi ya mwanzo ya ujenzi huo kano huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Mgonjwa hahisi lolote. Anajiona mzima, kumbe ndani kazi bado inaendelea.

Utafiti wa Delaware na Oslo uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia wagonjwa 106 waliofanyiwa upasuaji huu. Hadi kufikia mwezi wa 9 baada ya upasuaji, kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi michezoni ulipunguza kiwango cha kuumia tena goti kwa asilimia 51. Waliorudi kwenye michezo ya kugeuka na kuruka bila kufaulu vipimo vya utayari wa goti, asilimia 38 hivi waliumia tena; waliofaulu, chini ya asilimia 6.

Kwa hiyo miezi 9 ni ya chini kabisa, na hata ikitimia vipimo vipo palepale. Nguvu ya misuli ya mbele ya paja ifike angalau asilimia 90 ya mguu wa pili. Misuli hii husinyaa upesi sana, kwa sababu uvimbe wa goti huizuia kufanya kazi, na mazoezi ya wiki za kwanza ya kunyoosha goti lote na kukaza paja ndiyo ambayo wagonjwa huyadharau. Kisha aruke kwa mguu mmoja, tupime umbali kwa futi kamba na kutazama anavyotua: goti likiingia ndani, bado. Tahadhari moja: mguu usioumia nao hudhoofu mtu akikaa muda mrefu, hivyo miguu kulingana nguvu peke yake kunaweza kutudanganya.

Nasikia, "Wachezaji wa Ulaya hurudi haraka." Virgil van Dijk, beki wa Liverpool, aliumia ligamenti hiyo hiyo Oktoba 2020. Mei 2021 alitangaza kwamba hatakwenda na Uholanzi kwenye Euro, ili aendelee na matibabu. Alirejea kwenye mechi za ligi Agosti, akiwa na wataalamu wa kila aina pembeni yake. Wewe unayefanya mazoezi peke yako jioni baada ya kazi, kwa nini ujipe miezi 5?

Makocha, kurudi kuna ngazi zake. Kwanza mazoezi bila kukabana, halafu ya kukabana, halafu dakika chache za mechi. Goti likivimba siku inayofuata, mrudisheni ngazi moja nyuma. Akisema anaogopa kukaba, msimwite mwoga. Mwambieni mtaalamu wake wa fiziotherapia, kwa sababu hofu hiyo nayo hutibiwa kabla hajavaa jezi.