Je, wajua? Kompyuta ya kuzamia humaliza betri ikiwa imelala kwenye droo

Kaskazi ikiisha na masika kuanza kuichafua bahari ya Tanga, wengi wetu tunaozamia huweka vyombo chini. Mapezi na miwani huingia kwenye gunia, mitungi hurudi kwa mwenyewe, na ile kompyuta ya mkononi, inayofanana na saa kubwa, hutupwa kwenye droo. Desemba maji yanatulia, unaitoa uende zako kisiwani Yambe, kioo cheusi. Betri uliiweka mpya Februari. Tangu Machi haijagusa maji. Sasa nani kaila?

Chumvi.

Kazi ya kompyuta hii ni kupima kina na muda, kisha kukadiria nitrojeni (gesi ya hewani inayoweza kukudhuru ukipanda haraka) iliyoingia mwilini, ili ikuambie ubaki chini kwa muda gani na namna ya kupanda juu. Mtu akisahau kuiwasha, hesabu yote inaharibika. Ndiyo maana aina nyingi huwekewa viguso vidogo vya chuma, mgongoni au ubavuni. Maji ya bahari hupitisha umeme. Yakishaviunganisha viguso hivyo, kifaa huamka chenyewe. Ni akili nzuri, mpaka utakapotoka majini.

Maji yakikauka huacha ukoko mweupe wa chumvi juu ya viguso. Ukoko mkavu hauna neno. Lakini chumvi huvuta unyevu: ile ya jikoni huanza kulowa hewa ikifikisha unyevu wa kama asilimia 75, na ya bahari, kwa sababu ina magnesiamu ndani yake, huanza mapema zaidi. Aliyewahi kuacha kopo la chumvi wazi wakati wa masika hapa Tanga hahitaji kuelezwa. Ukoko ule unalowa, unaunganisha viguso, na kompyuta inaamini iko baharini. Usiku kucha inamsubiri mzamiaji aanze kushuka.

Piga hesabu kidogo. Betri ya CR2450, ile bapa kama sarafu, hubeba takriban miliampia-saa 600. Tuseme kifaa kikiwa macho kinakula nusu miliampia: betri itadumu saa 1,200, yaani siku 50. Kikiwa kimelala kikala sehemu moja ya mia ya hapo, betri ileile ingedumu zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo tofauti ya betri ya msimu na betri ya mwezi mmoja na nusu inaweza kuwa ni kuosha tu.

Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, sugua viguso kwa mswaki laini, futa, acha ikauke kivulini. Hapa kuna kosa ambalo hata wazoefu hulifanya: kuilaza kompyuta ndani ya ndoo hadi asubuhi ili chumvi itoke vizuri. Kwa kompyuta yenye viguso, ndoo nayo ni maji, itakesha macho. Dakika chache zinatosha. Na usiirudishe kwenye mfuko mmoja na suti ya kuzamia iliyo mbichi.

Tukija dukani, soma namba kabla ya kusoma bei. Katika CR2450, herufi C ni kemia ya lithiamu na dioksidi ya manganizi, R ni umbo la duara, 24 ni kipenyo kwa milimita, na 50 ni unene wa milimita 5.0. Ile CR2032 ya rimoti za magari ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa 3.2. Niliwahi kuuziwa 2430 na muuzaji aliyeapa kuwa "ni ileile, bosi". Kipenyo ni kilekile kweli, lakini unene ni milimita 3.0. Iliingia, kifuniko kikafunga, na kompyuta ikawa inawaka ninapoitikisa tu. Hatari zaidi ni zile zinazoanza na LIR: zinachajika, na zikijaa hufika volti 4.2, wakati kifaa kimetengenezewa volti 3. Namba zinafanana, umeme haufanani.

Chukua iliyofungwa kwenye kadi yake, yenye tarehe, usichukue ya kuokotwa kwenye kopo la rejareja pamoja na wenzake, ambako zinagusana na kumalizana. Nyingine hupakwa kitu kichungu ili mtoto aiteme. Kwenye baadhi ya vifaa utando huo huzuia umeme, basi ifute kwa kitambaa kikavu. Mtoto akimeza betri hizi ni mbio hospitali, kwa kuwa zinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Ile kuukuu ibandike utepe wa gundi pande zote mbili kabla ya kuitupa.

Mita ya fundi nayo isikudanganye. Betri ya lithiamu hukaa karibu na volti 3 sehemu kubwa ya maisha yake, halafu huporomoka ghafla mwishoni. Mezani itasoma vizuri. Chini ya maji, taa ikiwaka na kengele ikilia kwa pamoja, umeme unazama na kifaa kinazimika. Mimi sipimi. Naweka mpya kila kaskazi inapoanza, na ile ya zamani inamalizia maisha yake kwenye mizani ya jikoni.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya dakika tano ambayo watu huiharibu kwa haraka. Adui hapo ni unywele mmoja au chembe ya mchanga juu ya oringi, ule mpira mwembamba wa duara. Kwenye mita 30, kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 3 hukandamizwa na maji kwa uzito unaozidi kilo 20. Cha ajabu, mkandamizo huo husaidia, kwa kuwa huusukuma mpira ukaze zaidi kwenye mfereji wake. Oringi yenye kasoro ndogo inaweza kuvujia mita mbili, hapo hapo chini ya boti. Weka mpya, ipake grisi anayoitaja mtengenezaji, kiasi cha kung'aa tu. Grisi ikijaa hukusanya mchanga. Mafuta ya kujipaka yaache bafuni.

Na usibadilishe kati ya mbizi mbili. Kuna kompyuta ambazo betri ikitoka husahau nitrojeni yote uliyobeba, zikikuona mtu mpya asiyewahi kushuka. Subiri saa 24 baada ya mbizi ya mwisho. Ikizimika ukiwa chini, panda taratibu, usizidi mita 9 kwa dakika, simama mita 5 kwa dakika tatu, kisha siku hiyo imekwisha.

Wenye kompyuta za kuchaji: msiiweke ikiwa imejaa kabisa wala tupu, nusu inafaa, na ichajini kidogo kila baada ya miezi michache. Pini za chaja zikaushwe kwanza, kwa kuwa umeme juu ya chuma chenye maji ya chumvi huila ile chuma.

Baada ya kufunga kifuniko, jaza bakuli maji, tia chumvi kidogo, itumbukize. Ikiamka, viguso vinafanya kazi. Ukiona viputo vinatoka pembeni ya kifuniko, itoe haraka na uanze upya. Kisha ioshe, ifute, iweke mezani, unywe chai yako. Ukirudi ukakuta kioo kimezimika chenyewe, hapo irudishe kwenye droo.