Riwaya ya mauaji ya kimbari si ya kuwaliza wanafunzi tu

Mwezi wa nne ukikaribia walimu huja maktaba kutafuta vitabu vya Rwanda, na ombi huwa lile lile, tupe kitu kitakachowagusa watoto mpaka walie. Mimi hapo huwa nabisha kidogo. Kulia si vibaya lakini mwanafunzi analia saa nne, saa sita yuko kwa mama wa viazi karai anacheka, na alichobaki nacho ni kwamba huko mbali kulikuwa na watu wabaya basi. Namba kishapewa na kitabu cha historia: kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, kwa siku kama 100 hivi, waliuliwa watu zaidi ya laki nane, wengi wao Watutsi. Lazima azijue, ila hazimwelezi jirani mliyekuwa mkiombana chumvi alifikaje kushika panga.

Hilo riwaya inaliweza. Mwaka 1998 waandishi kadhaa wa Afrika walienda Rwanda kusikiliza watu na kuandika, mmoja wao Boubacar Boris Diop wa Senegali, na mwaka 2000 ikatoka riwaya yake ya Murambi. Humo wasimulizi ni wengi, mpaka kijana wa Interahamwe, wale wanamgambo waliofanya mauaji, anapewa nafasi aongee mwenyewe, na kinachotisha ni kuwa haongei kama jini, ni mtu anajiandaa kwenda kazini. Halafu kuna Cornelius, anarudi kwao kutoka Djibouti akijihesabu mfiwa, kumbe aliyepanga mauaji ya pale Murambi ni babake mzazi, daktari mwenye heshima zake, na hata mkewe na wanawe hakuwaacha. Darasa likifika hapo hakuna anayeuliza tena "kwani wale walikuwa watu gani".

Kitu kingine ni lugha. Watutsi waliitwa mende kwenye redio RTLM na kwenye gazeti la Kangura, tena kwa utani na muziki, watu wanacheka. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa pale Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo hivyo.

Na sisi tusijifanye wageni wa mambo haya. Hapa Mombasa, Likoni 1997, vikaratasi vilisambazwa kuwaambia wabara waondoke, na watu wakauawa. Kwenye vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya, 2007 na 2008, ambapo nchi nzima walikufa zaidi ya 1,100, huko Bonde la Ufa watu walioonekana wageni waliitwa madoadoa, kama uchafu wa kuondolewa. Sisemi hayo ni mauaji ya kimbari, hapana, mwalimu akivichanganya ameharibu somo, lakini wanafunzi wa Mombasa wamekulia kwenye vijembe, kejeli wanaisikia haraka kuliko mtu yeyote, kwa hivyo watumie sikio hilo hilo.

Nikiombwa ushauri nasema hivi, soma na darasa mpaka pale mhusika bado ana nafasi ya kukataa, ufunge kitabu. Waulize nani amemwita mwenzake jina, nani amecheka, nani amenyamaza na alikuwa anaogopa nini. Picha za mafuvu ziacheni, zinawafanya wakodoe macho tu. Na hawa wadogo wa praimari hawahitaji Murambi kabisa, mtafutieni hadithi ya mtoto mgeni anayetengwa skuli kwa sababu ya lafudhi yake, hiyo wataielewa vizuri sana.