Hatari ya Siku ya Debi Iko Getini

Shabiki wa K'Ogalo (Gor Mahia) au wa Ingwe (AFC Leopards) hakati tiketi ya debi, yaani mechi ya mahasimu hawa wawili wa soka, ili aende kukaa. Anaenda kuimba, kuruka na kupunga skafu, na kwa dakika 90 kiti chake kinageuka pa kukanyagia. Kwenye mafunzo tunayowapa wasimamizi wa mechi hapa Nairobi, kila mara kuna anayeuliza kama kusimama huko ndiko kunakoua watu.

Siko. Tarehe 23 Oktoba 2010, watu 7 walifariki katika uwanja wa Nyayo, siku ya debi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Maafa yaliwakuta pa kuingilia, umati uking'ang'ania kupita. Kwenye uwanja wa Hillsborough, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, polisi walifungua geti la kutokea ili kupunguza msongamano nje. Watu wakamiminika hadi kwenye vizimba vya katikati, sehemu za kusimama zilizozungushiwa uzio, vilivyokuwa vimeshajaa, na 97 wakapoteza maisha. Baada ya hapo viwanja vya ligi kuu za Uingereza vililazimishwa kuweka viti kila mahali. Ruhusa ya kujaribu tena majukwaa ya kusimama ilikuja Januari 2022, kila mtu akiwa na nafasi yake na chuma cha kushikilia mbele yake. Ujerumani haikuwahi kuyaacha majukwaa ya kusimama. Jukwaa la kusini la uwanja wa klabu ya Dortmund hubeba takriban mashabiki 25,000 waliosimama.

Kinachoua ni watu kuzidi nafasi. Chora chini mraba wa mita moja kwa mita moja. Wakisimama wanne humo, kila mmoja bado anaweza kugeuka. Wakifika sita au saba, hakuna anayeamua aende wapi. Umati wote unayumba kama maji kwenye ndoo. Kifua kinabanwa mbele na nyuma, mbavu hazipanuki, na mtu anaweza kukata roho akiwa bado wima. Ndiyo maana sipendi neno mkanyagano: linawalaumu waliokuwa wakitafuta hewa.

Ukijikuta humo, inua mikono mbele ya kifua kama bondia ili upate nafasi ya kupumua. Usisukume kurudi nyuma. Ngoja wimbi litulie, kisha sogea kimshazari kuelekea pembeni. Simu ikianguka, iache. Mtoto mbebe juu.

Tiketi nayo ni hesabu ya usalama kabla ya kuwa pesa. Mwaka 2025, kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, mashabiki walivamia uwanja wa Kasarani bila tiketi, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikapunguza watazamaji wa mechi ya Kenya hadi 27,000, kwa tiketi za kielektroniki pekee. Wengi walinung'unika. Mimi naona ilikuwa sawa, kwa sababu anayempa mlinzi wa geti chochote ili apenyeze anachukua nafasi ambayo tayari ina mwenyewe, na mlinzi anabaki bila idadi ya walio ndani.

Nani wa kuidai hesabu hiyo? Hapo ndipo suala la umiliki wa klabu linapoingia. Klabu ya Tusker ina kampuni ya bia nyuma yake, ile ya KCB ina benki. Gor Mahia, iliyoanzishwa 1968, na Leopards, ya 1964, zimekua kama klabu za wanachama wanaochagua viongozi wao. Wajerumani wana kanuni ya 50+1: klabu yenye wanachama hubaki na wingi wa kura hata mwekezaji akileta mabilioni, isipokuwa chache kama Leverkusen na Wolfsburg. Sisi kura tunayo, ila tunaitumia kubishana kuhusu kocha na usajili tu. Mkutano mkuu ujao, mwanachama asimame aulize: debi iliyopita tiketi ngapi zilitolewa, mageti mangapi yalifunguliwa, na yalifunguliwa saa ngapi? Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, kabla tiketi za debi inayofuata hazijaanza kuuzwa.